Safari ya Shemeji

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mapazia, kwa sababu nusu ya madirisha ya mtaa ule yalivaa kazi ya mikono yake, na nusu nyingine yalikuwa yakisubiri zamu. Chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia, majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani kama watu waliopanga foleni, na chini ya meza, juu ya gunia la vipande vya nguo, mbwa mkubwa wa rangi ya kahawa aliyeitwa Shemeji.

Jina hilo lilikuwa utani wa marehemu mumewe. Alikuwa mlinzi wa ghala, na siku moja alimwokota huyo mbwa akiwa bado mtoto kwenye geti la kazini, akamleta nyumbani ndani ya koti. "Huyu ni ndugu yangu," akamwambia mkewe. "Mkaribishe shemeji yako."

Mama Mapazia, ambaye hakuwa ameomba mbwa wala ndugu, akajibu, "Karibu shemeji, lakini viatu vyangu usiguse."

Kesho yake kiatu kimoja kilikuwa hakina kisigino. Jina likaganda.

Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, fundi wa simu. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki alinisimulia mwenyewe, maana Mama Mapazia hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Akikwambia pazia litakuwa tayari Ijumaa, basi Ijumaa linaning'inia dirishani kwako. Akikwambia rangi uliyochagua ni mbaya, utaudhika, halafu utabadilisha rangi.

Mumewe alikuwa ameshafariki siku binti yao wa pekee alipopiga simu kutoka ng'ambo. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye cherehani, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri suruali yangu.

"Mama, nina mimba," binti alisema. "Tunataka uje. Siyo kutembea na kurudi, uje ukae na sisi."

Mama Mapazia aliondoa mguu kwenye pedali. Alicheka, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu, akasema, "Nakuja. Nakuja na Shemeji."

Mtandao ukakata hapo hapo. Siku chache baadaye mkwewe ndiye aliyepiga. "Shikamoo mama. Samahani, nilitaka kuuliza. Baba mdogo anapenda godoro gumu au laini?"

"Marahaba mwanangu. Baba mdogo gani?"

"Si ulisema unakuja na shemeji yako? Nimeshanunua kitanda."

"Shemeji mbwa, mwanangu!"

Mama Mapazia akasikia binti yake akicheka kwa nyuma, na mkwe akisema polepole, kama mtu anayelipima neno, "Mbwa. Sawa. Mbwa."

Kicheko kilipoisha, binti alijaribu kumrudisha mama yake nyuma. Mbwa mwenyewe ameanza kuzeeka, alisema. Safari ni ndefu, masharti ni mengi, na huku mbwa wapo, atachagua mwingine. Mama Mapazia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama kule kuna mama wengine pia wa kuchagua. Mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi iliyofuata alimfunga Shemeji kamba, wakaenda kwa daktari wa wanyama, mama kijana mwenye sauti ya upole ambaye kliniki yake ilinukia dawa na manyoya yaliyolowa. Daktari alieleza hatua zote bila haraka. Kwanza mbwa awekwe chipu, kidude kidogo kama punje ya mchele, chini ya ngozi katikati ya mabega, chenye namba yake. Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa. Baada ya hapo damu itapelekwa maabara ya nje kupima kama chanjo imeshika, na hata ikishika kuna miezi ya kusubiri kabla ya kupanda ndege.

"Chanjo anayo," Mama Mapazia alisema, akatoa kadi mkobani.

Daktari aliisoma. "Hii alichanjwa kabla hajawekwa chipu, mama. Wale watauliza, tutajuaje kwamba aliyechanjwa ni huyu?"

"Si mimi nilikuwepo?"

"Wewe hawakujui."

Mama Mapazia alitafakari kidogo, akakubali kwamba hilo ni kweli. "Basi mchanje upya. Na mimi ukitaka nichanje. Twende kazi."

Shemeji alipigwa sindano mbili bila kulia, lakini alimtazama Mama Mapazia njia nzima ya kurudi kama mtu aliyesalitiwa na mkewe.

Sanduku la kusafiria ndilo lililoleta mtihani wa kwanza. Alimwagiza fundi wa karibu na barabara kuu amtengenezee, na kilichokuja kilikuwa banda la kuku lililojipa cheo. Wakala wa mizigo ya ndege alikipima kwa macho tu. Mbwa lazima aweze kusimama humo bila masikio kugusa dari, alisema, ageuke, alale amejinyoosha. Shemeji akiwa ndani aliinamisha kichwa kama mtu anayepita mlango mfupi. Kazi ikawa bure.

Fundi mbao bora aliyemjua Mama Mapazia alikuwa mmoja tu, na walikuwa hawasemezani. Alikuwa mdogo wa mumewe, shemeji yake wa damu, mtu mrefu mkimya ambaye kila mtu alimwita Seremala. Siku za msiba, Shemeji mbwa alikuwa akilia uani, kilio kirefu cha kuinua kichwa juu, na Seremala alisimama mbele ya watu akasema mbwa huyo ni mkosi, afukuzwe. Mama Mapazia alimwambia atangulie yeye. Akatoka, na tangu siku hiyo alikuwa hajakanyaga nyumba ile.

Nilimuuliza Mama Mapazia kama nimtafutie fundi mwingine. "Wa nini?" alisema, akivaa kanga yake nzuri. "Mimi na yeye tutakufa na hasira zetu na mbwa hana sanduku?" Akashika kamba, akaniambia nimsindikize kwa sababu ningebeba lile banda la kuku, liwe mfano wa kitu kisichotakiwa.

Seremala alikuwa akipiga randa ubao wa mlango. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa hadi kwenye nyusi. Alituona, lakini mkono haukusimama.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji," Mama Mapazia alijibu.

Mbwa akainua masikio, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akajua hakuna anayemwita yeye, akalala juu ya maranda.

"Nataka sanduku la kumsafirishia," Mama Mapazia alisema. "Naenda kuishi kwa binti, na huyu anakwenda."

Randa ikasimama. "Ulinifukuza kwa ajili yake."

"Nilikufukuza kwa ajili ya maneno yako. Alikuwa anamlilia kaka yako. Wewe ulikuwa unapokea wageni, mimi machozi yaligoma kutoka. Nyumba nzima hakukuwa na anayelia isipokuwa yeye. Ukataka kumfukuza huyo huyo."

Seremala alijifuta nyusi kwa kiganja. "Nilikuwa sivumilii ile sauti," alisema. "Ilikuwa inanifanya nami nitake kulia, na watu wote wananitazama."

"Ungelia."

"Ningelia," alikubali. Akachukua futi kamba ukutani, akapiga goti mbele ya mbwa. "Msimamishe vizuri. Masikio tunayahesabu?"

"Tunayahesabu."

Lile sanduku lilipokamilika, watu walikuja kulitazama kama gari jipya. Plaiwudi nene iliyosuguliwa mpaka inateleza, matundu ya hewa pande zote, mlango wa nondo nyembamba, mabakuli mawili yaliyofungwa kwa ndani ili yajazwe maji bila mlango kufunguliwa. Asiyelipenda alikuwa Shemeji peke yake. Siku lilipowekwa chini ya meza mahali pa gunia lake, aliondoka na kuja kulala kizingitini kwangu.

Mama Mapazia hakumlazimisha. Alianza kumwekea chakula mlangoni mwa sanduku, kisha hatua moja ndani, kisha mwisho kabisa. Kwa muda Shemeji alikula miguu ya mbele ikiwa ndani na ya nyuma nje, kama mtu aliyesimama dirishani kwa muuza duka. Mama Mapazia akahamishia humo lile gunia la vipande vya nguo. Mchana mmoja mvua ilinyesha, na alipoinua macho kutoka kwenye cherehani akamwona amejikunja ndani, anakoroma.

Baada ya hapo ulifuata mlango: kufunga na kufungua papo hapo, halafu kufunga na kushona upindo mmoja, halafu pazia zima. Na alipozoea mlango, Mama Mapazia alisema ndege ina kelele na inatikisika, kwa hiyo mbwa asafiri kidogo. Seremala alileta mkokoteni wake wa mbao. Wakampandisha na sanduku lake, wakawa wanampitisha mitaani, mbele ya mashine ya kusaga, nyuma ya wachomelea vyuma, kwenye barabara yenye mashimo mengi kuliko zote. Seremala anasukuma, Mama Mapazia anatembea pembeni akimsemesha mbwa kama anayemwonyesha mji mgeni.

"Bwana harusi anapelekwa wapi?" watu wa kijiweni walipiga kelele.

"Ng'ambo!" Mama Mapazia alijibu. "Wewe pasipoti unayo?"

Katika matembezi hayo, mtu na shemeji yake walianza kuongea. Kwanza walizungumzia misumari. Baadaye walifika kwa marehemu. Sikuwa nasikiliza, ila ukuta wetu ulikuwa mwembamba, na chai walikuwa wakinywea uani.

Ndipo majibu ya damu yakarudi. Daktari alimkalisha Mama Mapazia kwenye kiti chenye mgongo, naye akajua kabla hajaambiwa. Kinga ilikuwa haijafika kiwango kinachotakiwa. Haimaanishi mbwa ni mgonjwa, daktari alieleza. Wengine, hasa waliokula chumvi nyingi, mwili huchelewa. Atachanjwa tena, atapimwa tena, na miezi ya kusubiri itahesabiwa kuanzia kipimo hicho kipya.

Tiketi ya Mama Mapazia ilikuwa tayari. Tumbo la binti halikuwa linasubiri maabara.

Alimweleza binti yake ukweli wote kwenye simu. Sauti ikamkatika binti. "Mama, kati yangu na mbwa, unafikiria?"

"Wewe sijakufikiria hata kidogo. Wewe nakuja kwako," Mama Mapazia alisema. "Ninayemfikiria ni huyu, atakaa na nani. Nipe leo."

Siku ile alishona tangu asubuhi mpaka jua linazama, hakusema na mtu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukataa kwa heshima, maana nilifuga kuku na Shemeji alikuwa akiwatazama kwa namna nisiyoipenda. Sikuombwa. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Seremala.

"Naenda kumpokea mjukuu. Mbwa atabaki kwako mpaka damu yake ikubali, kisha utampandisha ndege."

"Kwangu?" Seremala aliuliza.

"Kwako. Kama ningekuwa na ninayemwamini zaidi ningekwenda kwake."

Siku ya kuondoka alipiga magoti katikati ya chumba ambacho sasa kilikuwa kitupu, akamshika mbwa mashavu yote mawili. "Mimi natangulia kukutafutia pa kulala," alimwambia. "Usimsumbue shemeji yako." Akainuka, akachukua mkoba, akatoka bila kugeuka nyuma. Kwenye gari alikuwa ameketi wima kama anayepigwa picha. Alikuja kuniambia baadaye kwamba aling'ata kona ya kanga yake mpaka uwanja wa ndege.

Mjukuu alizaliwa salama, msichana mwenye mapafu ya mnadi. Mama Mapazia aliingia nyumba ile akashika usukani: alimkanda mzazi, akamfundisha mkwe kumbeba mtoto bila kuogopa kama amebeba yai, akayatazama mapazia ya sebuleni na kuyashusha siku ileile. Kila mara alipopata nafasi alipiga simu karakanani kwa Seremala. Seremala alielekeza kamera chini ya meza yake ya kazi, Shemeji akanusa kioo cha simu mpaka picha ikawa pua tupu.

Kilichomchekesha Mama Mapazia ni lugha ya Seremala. "Sisi tumeshakula," alikuwa akisema. "Jana tulitembea mpaka sokoni. Sisi mvua hatuipendi."

Damu ikapimwa tena, na safari hii ikakubali, tena kwa kishindo. Miezi ya kusubiri nayo ikapita. Sasa ilibaki kuweka nafasi kwenye ndege, na hapo ndipo Seremala alipoanza kuwa na sababu. Mara daktari amesafiri. Mara komeo la sanduku limeshika kutu. Mara mbwa amekonda, aachwe anenepe kidogo.

Mama Mapazia akanipigia. "Jirani, nenda ukamwangalie huyo mbwa aliyekonda."

Nilikwenda. Shemeji alikuwa mnene kama mto wa kochi, amelala juu ya kitanda kidogo cha mbao chenye miguu iliyochongwa, kazi ambayo hata mteja wa kulipa vizuri angeisubiri muda mrefu. Daktari alikuwepo mjini. Komeo lilikuwa linang'aa. Nikampigia Mama Mapazia nikiwa palepale, akaniomba niweke sauti kubwa.

"Shemeji," alisema, "wewe uongo hujui, acha kujifunza uzeeni. Unataka kubaki naye."

Seremala alikuwa akichezea patasi. "Nikirudi nyumbani sasa kuna anayeinuka," alisema.

"Najua. Nilikuwa naye miaka yote hiyo, najua." Sauti ya Mama Mapazia ililegea, lakini haikurudi nyuma. "Sasa nisikilize. Binti hakumzika baba yake. Ulikuwepo, unajua, hakupata ruhusa ya kusafiri. Alipiga simu tu, tukamwonyesha kaburi kwenye simu. Tangu siku ile hajalia, ukimgusia baba yake anabadilisha mazungumzo. Hana cha baba yake cha kushika isipokuwa huyo mbwa. Sikuwa namleta kwa ajili yangu peke yangu."

Hata mimi sikuwa najua. Seremala aliweka patasi chini, akaniangalia, akasema, "Niletee mkokoteni, uko nyuma ya mbao."

Siku ya safari tulikuwa watatu ofisi ya mizigo: Seremala, mimi, na mwenye safari. Daktari alikuwa amempima na kutupa vyeti vilivyopigwa mihuri, akakataa katakata kumpa dawa ya usingizi. Angani dawa ya namna hiyo inaweza kumzidi mbwa, alisema, na huyu amefundishwa, hana haja nayo. Afisa nyuma ya kaunta alifungua faili.

"Jina la mnyama?"

"Shemeji," Seremala alisema.

"Nimeuliza jina la mnyama, mzee."

"Ndiyo hilo. Mimi pia ni shemeji, lakini mimi sisafiri."

Afisa alicheka mpaka mwenzake akaja kuuliza kuna nini. Wakapitisha kisomeo cha chipu mabegani mwa mbwa, kikalia, namba ikalingana. Seremala alizunguka sanduku akikaza parafujo moja moja, zile alizozikaza mwenyewe nyumbani asubuhi. Kisha akafungua mlango. Shemeji aliingia bila kusukumwa, akajizungusha, akalala na kidevu juu ya gunia lake. Seremala akachuchumaa, akaweka mdomo karibu na matundu ya hewa na kumwambia maneno fulani. Sikuyasikia, wala sikumuuliza.

Yaliyofuata ni ya kusimuliwa. Mama Mapazia alimpokea kwenye ghala la uwanja wa ndege wa kule, baridi ikimuuma masikio. Alisubiri ukaguzi ukaisha, akafunguliwa mlango, akamsikia Shemeji akilia kidogo kabla hajamwona. Mbwa alitoka amekakamaa miguu, akamnusa mikono, akamnusa koti geni, kisha akamwegemea kwa uzito wake wote hadi ikambidi ashike ukuta. Nje, kwenye ukanda wa nyasi, Shemeji alikojoa kwa muda mrefu sana hivi kwamba madereva waliokuwa pale walimpigia makofi.

Binti alikuwa amebaki nyumbani na mtoto. Mama Mapazia alipofungua mlango na kuondoa kamba, mbwa aliingia sebuleni akinusa zulia, akapita kiti, akapita kitanda cha mtoto, akafika kwa binti, ambaye mara ya mwisho alimwacha akiwa mbwa kijana. Akaweka kichwa juu ya magoti yake.

"Ananuka mbao," binti alisema. Alimshika shingo kwa mikono miwili. "Mama, bado ana kile kialama cha sikio. Baba alisema alikipata kwa kupigana na paka." Akataka kucheka. Akateleza kutoka kwenye kiti mpaka chini, akamkumbatia mbwa na kulia kwa sauti, kilio cha mtoto, bila kujali mumewe aliyekuwa amesimama na taulo mkononi.

Mkwe alitaka kwenda kumwinua. Mama Mapazia alimzuia kwa kiganja. Alimbeba mjukuu aliyeanza kuchachamaa, akampeleka jikoni, akamwambia mkwewe aje amwonyeshe tena lile jiko la umeme linavyowashwa, maana maziwa ya mtoto yalikuwa yanahitaji kupashwa.